Upole wa Mchakato: Usimamizi wa Vichakataji kwa Mstari wa Amri na Mtihani Wake kwa Istilahi za Kiswahili

Utangulizi

Mjadala kuhusu Kiswahili na teknolojia umezoea kuanzia kwenye jina la mashine yenyewe. Je, iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Wino mwingi umemwagwa juu ya swali hilo na kila upande una hoja zake. Hata hivyo, mtu anaweza kuijua mashine kwa majina yote matatu na bado asijue kinachotendeka pindi anapoiamuru ifanye kazi. Makala haya yanalihamisha swali kutoka kwenye jina la sanduku hadi kwenye shughuli inayoendelea ndani yake. Yanafafanua jinsi vichakataji vya tarakilishi vinavyosimamiwa kwa amri zinazoandikwa kwa herufi, hasa katika mfumo endeshi wa Linux. Aidha, yanadai kwamba baadhi ya istilahi za usimamizi huo haziwezi kutafsiriwa sawasawa na mtu asiyeujua utendakazi wake, hata akiwa na kamusi nzuri kiasi gani.

Haja ya kufanya hivyo ipo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ambao ulikihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisini iliyozungumza na mtumiaji kwa Kiswahili. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini juhudi za aina hiyo zilishughulikia zaidi maneno ya madirisha na vitufe: fungua, hifadhi, chapisha. Mlango wa nyuma wa mashine, ambako msimamizi huingia na kuandika amri zake, haukuguswa sana.

Kifaa, Tukio na Mstari

Yafaa mambo mawili yatenganishwe mapema. Kichakataji, ambacho wengine hukiita prosesa, ni kifaa kinachotekeleza maagizo. Mchakato ni programu iliyo kazini. Programu iliyolala diskini ni kama wimbo ulioandikwa daftarini. Mchakato ni wimbo huo unapoimbwa, na kichakataji ni koo linaloimba. Wimbo mmoja waweza kuimbwa na watu kumi kwa wakati mmoja, na vivyo hivyo programu moja yaweza kuzaa michakato kumi.

Katika jambo hili Kiswahili kimebahatika. Kitenzi chakata kimezaa nomino mbili zilizoachana waziwazi: ngeli ya KI-VI imekipokea kifaa na ngeli ya U-I imelipokea tukio. Kwa Kiingereza dhana hizo mbili hutofautishwa na silabi ya mwisho tu, na si ajabu kumkuta mwanafunzi amezichanganya hadi mwaka wa pili wa masomo yake.

Mstari wa amri, kwa upande wake, ni mahali ambapo mtumiaji huandika agizo kwa kibodi badala ya kubofya picha kwa kipanya. Linux iliipata desturi hii kutoka Unix, mfumo ulioanzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell nchini Marekani mwaka 1969. Linus Torvalds alipoanza kuiunda Linux mwaka 1991 alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Msomaji wa isimu atakumbuka kwamba Helsinki ndiyo pia yenye ile Kongoo ya Kiswahili, mkusanyo wa matini ambao toleo lake la pili lina takriban maneno milioni 25. Kuhesabu na kuchambua maneno mengi kiasi hicho ni kazi inayofanywa vyema kwa mstari wa amri, na ndiyo sababu suala la vichakataji haliwahusu wanahisabati peke yao.

Foleni

Na uchukuliwe mfano wa kubuni. Idara moja ya lugha ina seva moja inayotumiwa na wanafunzi wote wa uzamili. Seva hiyo ina vichakataji vinne. Siku ya Jumatatu asubuhi mwanafunzi mmoja anaanzisha programu ya kuhesabu viambishi vya vitenzi katika kongoo kubwa. Programu inagawa kazi kwa michakato minne, na kila mmoja unakamata kichakataji chake. Mwanafunzi wa pili akijaribu kufungua faili ya tasnifu yake, herufi zinatokea skrini moja moja kama matone ya bomba lililokatiwa maji. Msimamizi anaitwa.

Jambo la kwanza analofanya ni kuuliza. Amri nproc humjibu kwa tarakimu moja tu: idadi ya vichakataji vinavyopatikana, yaani 4. Amri lscpu humpa maelezo marefu zaidi: aina ya kichakataji, idadi ya viini ndani yake, na kama kila kiini kinajitokeza kwa mfumo kama kimoja au kama viwili. Kwa Linux, kila kinachoweza kupewa mchakato huhesabiwa kuwa kichakataji kinachojitegemea, na hesabu huanzia 0. Kwa hiyo vichakataji vya seva hii ni cha 0, cha 1, cha 2 na cha 3. Anayetafuta kichakataji cha 4 katika mashine hii hatakipata.

Baada ya hapo huandika uptime. Mwishoni mwa jibu lake pana nambari tatu, nazo ni wastani wa mzigo kwa dakika 1, 5 na 15 zilizopita. Mzigo huu ni hesabu ya michakato inayotekelezwa pamoja na inayosubiri zamu. Linux huongeza humo ile iliyokwama ikingoja diski. Nambari 4 katika mashine yenye kichakataji kimoja ina maana kwamba kwa wastani mmoja unahudumiwa na mitatu ipo foleni. Nambari hiyo hiyo katika seva ya mfano huu ina maana kwamba kila kichakataji kina kazi na hapana anayesubiri. Anayesoma mzigo bila kwanza kujua idadi ya vichakataji amesoma nusu ya sentensi.

Amri ya tatu ni top, ambayo huonyesha orodha ya michakato ikijipanga upya kila baada ya sekunde chache, mlafi akiwa juu. Kila mchakato una nambari ya utambulisho, jina la mwenyewe, na asilimia ya kichakataji unachokila. Katika orodha hiyo mna safu mbili zenye vichwa vya herufi mbili mbili, PR na NI. Hapo ndipo mfasiri anapoanza kutoka jasho.

Upole

Amri inayohusika inaitwa nice. Kwa Kiingereza neno hilo humsifu mtu mwema, mpole, asiyesukumana na wenzake. Unix imekuwa nalo tangu miaka yake ya mwanzo, na kazi yake ni kuuambia mfumo ni kwa kiasi gani mchakato fulani uko tayari kuwapisha wengine. Viwango vyake huanzia -20 hadi 19, na mchakato wa kawaida huzaliwa ukiwa na 0. Mwanafunzi wa kongoo angeanza kazi yake kwa kuandika:

nice -n 10 ./hesabu

Kama kazi imekwisha kuanza na nambari yake ya utambulisho ni 4182, huandika renice -n 10 -p 4182. Mtumiaji wa kawaida ana ruhusa ya kuongeza nambari hiyo kwa michakato yake mwenyewe, lakini kwa kawaida hawezi kuiteremsha tena. Kuteremsha ni haki ya msimamizi mkuu.

Mfasiri mwenye haraka hukimbilia neno kipaumbele. Ni neno zuri, linalojulikana, na kamusi halitamwumbua. Tatizo ni kwamba kipaumbele, kama muundo wake unavyojieleza, ni kile kinachopewa umbele. Mwanafunzi akiambiwa kwamba mchakato una kipaumbele cha 19 ataelewa kwamba umetangulizwa mbele ya wenzake. Ukweli ni kinyume kabisa: mchakato wa 19 ndio wa mwisho kufikiriwa. Kitabu kitakachotumia kipaumbele hapa kitalazimika kuongeza onyo kwamba nambari kubwa maana yake ni ndogo, na onyo hilo litasahauliwa kufikia siku ya mtihani.

Neno upole halihitaji onyo. Kadiri mtu anavyozidi kuwa mpole ndivyo anavyozidi kuwapisha wengine, na kila mzungumzaji wa Kiswahili aliyewahi kula sinia moja na watu wengi analijua hilo bila kufundishwa. Mwenye upole wa 19 hungoja. Mwenye upole wa -20 ana ukali, na mkono wake huwa wa kwanza kwenye nyama. Tena safu zile mbili za top hutengana bila shida: NI ni upole, na PR ndiyo kipaumbele kwa hesabu ya ndani ya mfumo. Kwa michakato ya kawaida PR hupatikana kwa kujumlisha 20 na upole. Anayeziita zote mbili kipaumbele amefuta tofauti ambayo mashine yenyewe imejitahidi kuionyesha.

Upole huo hupimwa kwa mizani. Ndani ya kerneli, ambayo ndiyo moyo wa mfumo endeshi, kila kiwango cha upole kina uzito wake. Upole wa 0 una uzito wa 1024, wa 10 una 110, na wa 19 una 15. Kila hatua moja hupunguza uzito kwa kuugawanya kwa takriban 1.25. Michakato miwili ikigombea kichakataji kimoja, mmoja wenye upole wa 0 na mwingine wa 10, wa kwanza hupata takriban asilimia 90 ya muda na wa pili asilimia 10. Utaratibu wa kugawa zamu kwa mizani hii uliingizwa katika toleo la 2.6.23 mwaka 2007. Kanuni ya kuchagua nani aanze ilibadilishwa katika toleo la 6.6 mwaka 2023, ila mizani ikabaki.

Hapana budi kusisitiza neno kugombea. Mpole wa 19 akiwa peke yake kwenye sinia hula chakula chote. Upole hauzuii kazi kutumia kichakataji kizima pale ambapo hapana mwingine anayekihitaji, na kwa sababu hiyo mwanafunzi wa kongoo hapotezi chochote usiku, wenzake wanapokuwa wamelala.

Kuna mtego mmoja uliokuja baadaye. Toleo la 2.6.38 la mwaka 2011 liliongeza mpangilio unaoikusanya michakato ya kila kikao katika kundi moja, kisha zamu zikagawanywa kwanza baina ya makundi. Katika mifumo ambamo mpangilio huo umewashwa, upole hufanya kazi baina ya ndugu wa nyumba moja tu. Mwanafunzi aweza kuwa mpole kadiri awezavyo ndani ya kikao chake na jirani yake asihisi nafuu yoyote, kwa kuwa nyumba zao zilikwisha kupewa mafungu yao. Msimamizi anayeujua upole wa vitabu vya zamani pekee atasugua kichwa hapo.

Kufungamanisha na Kutoa Zamuni

Upole ukishindwa, ipo njia ya kuuwekea mchakato mipaka ya mahali. Amri taskset huufungamanisha na vichakataji vilivyotajwa. Kwa kuandika taskset -c 0,1 ./hesabu, michakato yote minne ya mwanafunzi wa kongoo itabanana katika vichakataji cha 0 na cha 1, kwa kuwa watoto hurithi mpaka wa mzazi wao. Cha 2 na cha 3 hubaki kwa ajili ya wengine. Kazi ya kuhesabu itachelewa, lakini tasnifu ya jirani itafunguka.

Herufi c katika amri hiyo si pambo. Ikiachwa, taskset huisoma nambari inayofuata kama ramani ya tarakimu mbili, 0 na 1, ambapo kila nafasi husimamia kichakataji kimoja. Nambari 3 kwa mtindo huo huandikwa 11, na maana yake ni vichakataji cha 0 na cha 1 kwa pamoja. Anayekitaka kichakataji cha 3 peke yake kwa njia ya ramani hana budi kuandika 8.

Hatua kali zaidi ni kukiondoa kichakataji chenyewe. Msimamizi mkuu wa Linux huandika chcpu -d 3 ili kukitoa cha 3 na chcpu -e 3 ili kukirudisha. Solaris, mfumo wa kampuni ya Sun Microsystems ambayo ilinunuliwa na Oracle mwaka 2010, una amri za jamii hiyo: psrinfo huorodhesha vichakataji na hali zao, psradm -f hutoa, na psradm -n hurejesha. Sababu za kufanya hivyo hazikosekani. Kichakataji chaweza kushukiwa kuwa na hitilafu. Mtafiti aweza kutaka kupima kazi yake itachukua muda gani kwa kichakataji kimoja, kisha viwili, kisha vinne.

Je, huku ni kuzima? Neno hilo ndilo linalokuja kinywani upesi, lakini lina kasoro. Kinachozimwa hukatiwa umeme, na kilichokuwa kikifanywa nacho hukatika. Hapa kerneli hukiondoa kichakataji kwenye orodha ya zamu na kuihamishia michakato yake kwa vichakataji vingine, nayo huendelea bila kujua kwamba imehamishwa. Hali hii ni ya askari aliyeondolewa kwenye zamu ya lindo: yu hai, ila haitwi. Kukitoa zamuni na kukirudisha zamuni ni maneno yanayosema kinachotendeka, tena hayahitaji kubuniwa. Mifumo yote miwili hukataa kukitoa zamuni kichakataji cha mwisho, maana amri ya kukirudisha ingetekelezwa na nani?

Tofauti hujitokeza pale ambapo mchakato umefungamanishwa na kichakataji kinachotolewa. Solaris hugoma mpaka alazimishwe kwa herufi F kubwa. Linux huvunja fungamano hilo na kuupeleka mchakato kwingine. Kwa wa kwanza, ahadi huheshimiwa kuliko amri. Kwa wa pili, uhai wa mchakato huja kwanza.

Ishara Iitwayo Kuua

Endapo yote hayo hayakufaa, msimamizi huielekea amri iitwayo kill. Hapa tafsiri ya neno kwa neno, yaani ua, imekuwa na madhara yanayoonekana kwa macho. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba amri hii huua hufikiri kwamba namna zake zote ni moja, na kwa kuwa ameona mtu akiandika -9, naye huandika -9 kila mara.

Kazi ya kill ni kupeleka ishara. Kuna ishara nyingi na nyingine hazina uhusiano wowote na kifo. Kuandika kill 4182 bila nyongeza hupeleka ishara ya 15, ambayo ni ombi: mchakato waweza kuipokea, ukahifadhi matokeo yake, ukafunga faili zake na kuondoka kwa heshima. Ishara ya 9 haipokelewi na mchakato hata kidogo. Kerneli huuondoa palepale, na chochote kilichokuwa kumbukumbuni bila kuandikwa diskini hupotea. Katika mfano wa seva ya idara, ishara ya 15 ingeweza kuokoa hesabu ya saa sita, kama programu iliandikwa na mtu mwangalifu. Ishara ya 9 ingeifuta kwa vyovyote vile.

Isitoshe, kill -STOP 4182 huusimamisha mchakato pale ulipo, na kill -CONT 4182 huuendeleza kutoka papo hapo. Michakato minne ya kongoo yaweza kusimamishwa asubuhi na kuendelezwa usiku, kumbukumbu yake ikiwa kamili. Nayo kill -0 4182 haipelekei mchakato chochote. Huuliza tu kama upo. Itakuwaje mwalimu aseme darasani kwamba amemwua mtu ili aendelee na kazi, au kwamba amemwua ili ajue kama yu hai? Istilahi inayofaa ni kupeleka ishara, na neno ua libakie kwa ishara ya 9 peke yake, ambako linastahili.

Ndondocha

Michakato huzaana. Mzazi huzaa mtoto, na mtoto akimaliza kazi humwachia mzazi taarifa fupi ya namna alivyomaliza. Mzazi akifa kabla ya mtoto, mtoto huwa yatima, na kwa desturi mchakato wa nambari 1, ulio wa kwanza kuamka mashine inapowashwa, humchukua. Yatima ni tafsiri isiyo na ila: maana, hali na hata malezi yamekubaliana.

Shida iko kwa mtoto aliyekufa ambaye mzazi wake, akiwa hai, hajaenda kuichukua taarifa. Jina lake hubaki kwenye orodha ya mfumo, na katika top huwekewa herufi Z, ambayo ni ya zombi. Mswahili wa pwani atasema ndondocha, na wa bara ya Tanzania atasema msukule. Maneno yote mawili yana utamu wa kifasihi, na yote mawili yanapotosha. Ndondocha wa masimulizi ni mfu anayefanyishwa kazi. Hulima shamba la mchawi usiku kucha. Mchakato wenye herufi Z haufanyi kazi yoyote. Hauli kichakataji hata kwa asilimia sifuri nukta moja, na kumbukumbu yake imekwisha kurudishwa. Msimamizi aliyefundishwa kwa neno ndondocha atautafuta kwa hasira, akidhani ndio unaoilemea seva, na ataupelekea ishara ya 9 mara tatu bila kuona mabadiliko, kwa kuwa aliyekwisha kufa hafi tena.

Kilichobaki ni mstari mmoja daftarini. Kwa hivyo marehemu asiyefutwa, ijapokuwa ni jina refu, linamwelekeza msimamizi panapostahili: kwa mzazi. Mzazi akiichukua taarifa, mstari hufutwa. Mzazi akikataa, huondolewa yeye. Watoto wake hupita kwa mchakato wa nambari 1, nao huzichukua taarifa zote na kulisafisha daftari.